Boksi spana ya 33 imepasuka tena: ninunue seti nzima au mojamoja?

#1 Kijana wa Uyole
Wakuu salaam.
Nina kijigereji hapa Uyole, Mbeya, sio mbali na njia panda ya Tukuyu. Nilianza na magari madogo, lakini tangu mwaka jana semi zinazotoka Tunduma zimeanza kusimama kwangu, tairi na breki hasa. Nikanunua mashine ya upepo ya kufungulia nati, ya inchi 1 (ndio ukubwa wa kichwa chake cha mraba), mtumba, na boksi nyeusi ya kuvalisha nati ya milimita 33.
Jana usiku saa nne hivi nafungua tairi la nyuma la tela, boksi ikalia kama risasi. Nusu ikaenda chini ya tela, nusu ikabaki kwenye nati. Nimeiangalia asubuhi: ufa umeanzia kwenye kona moja ya ndani, ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye tundu la mraba. Ndani chuma ni punje punje, kinameta kama sukari. Hii ni ya tatu tangu mwezi wa tano.
Mfukoni nina 450,000. Ninunue seti nzima ya boksi nyeusi kwenye kasha lake, au mojamoja za namba ninazotumia? Na kwa nini zinapasuka?

#2 Mbalizi Road
Umenunua wapi? Bei gani?

#3 Kijana wa Uyole
Ya kwanza 18,000, ya pili 15,000, hii ya jana 22,000. Zote za kwenye turubai pale soko la Mwanjelwa.

#4 Mbalizi Road
Basi umejijibu. 55,000 umeshatupa, na bado unauliza kwa nini.

#5 Fundi Mkongwe
Kijana, rangi nyeusi isikudanganye. Boksi nyeupe inayong'aa ni ya mkono, racheti na pawabaa. Chuma chake kigumu, kinashika kona vizuri, ila kigumu maana yake hakinyumbuki. Mashine ya upepo haisukumi nati kama mkono unavyosukuma. Ndani kuna nyundo zinazunguka na kugonga, mara nyingi sana kwa sekunde. Kila pigo linakwenda kwenye boksi. Boksi ya mashine inatakiwa iwe nene na chuma chake kilainike kidogo ili kimeze pigo. Nyeupe ukiiweka kwenye mashine siku moja inapasuka kama chupa.
Sasa watu wameshajua kwamba fundi anatafuta nyeusi. Wanachukua chuma chochote, wanapiga nyeusi. Tazama ubavuni: ikiandikwa Cr-Mo (chuma cha kromu na molibdeni) ndiyo ya mashine, ikiandikwa Cr-V (kromu na vanadi) hiyo ni ya mkono hata kama ni nyeusi kama sufuria ya kande.

#6 Venia
Mkuu #5 nakubaliana na wewe isipokuwa hapo mwisho. Kuna boksi za mashine za Cr-V zilizotengenezwa sawasawa, unene wake wa kutosha na zimepikwa kwa joto linalotakiwa, na zinafanya kazi miaka. Na kuna zimegongwa Cr-Mo lakini ni chuma cha kufulia majembe. Muhuri ni herufi tu, mtu yeyote mwenye nyundo na alfabeti anaweza kuipiga.
Ile "sukari" aliyoiona kijana ndiyo inayonipa wasiwasi. Mara nyingi punje kubwa hivyo ni dalili kwamba chuma kilipashwa moto kupita kiasi kiwandani. Hapo hata kiwe na jina gani kitakatika.

#7 Utingo Mstaafu
Mnaongea chuma chuma, hakuna aliyemuuliza nati yenyewe ni ya ngapi. Kijana, hilo tela ni la wapi? Kichwa ni gari gani?

#8 Kijana wa Uyole
Kichwa ni cha Ulaya, tela sijui, imeandikwa maandishi yamefutika. Nati nilijaribu 32 haikuingia, nikaweka 33, ikaingia inacheza kidogo.

#9 Utingo Mstaafu
"Inacheza kidogo." Ndiyo hapo.
Nati ya 33 iliyotembea Tunduma, Lubumbashi na kurudi, imefunguliwa kwa bomba na kila aina ya boksi, kona zake zinakuwa zimelika. Pengine imebaki 32 na nusu. 32 haiingii kwa sababu ya kutu na rangi, 33 inaingia inaogelea. Boksi inapoogelea haigusi nati kwenye bapa, inagusa kwenye kona. Kila pigo la mashine linapanua boksi kama kabari inavyopasua gogo. Ufa wake umeanzia wapi? Kwenye kona! Amesema mwenyewe pale #1.
Dawa yake: futa ile nati kwa brashi ya waya, piga 32 na nyundo iingie kwa taabu. Na nati ikitoka usiirudishe, weka mpya.

#10 Mama Spea
Habari zenu. Nauza vifaa vya gereji Mwanjelwa, hapo nimeguswa na neno "turubai" 😄
Sio kila kitu cha turubai ni takataka. Mimi nina boksi za mtumba kutoka Japani, Koken na KTC, zimechakaa herufi lakini zinapiga kazi kuliko mpya nyingi. Tatizo ni kwamba mteja anakuja na 15,000 anataka ya inchi 1 namba 33, namwonyesha ya 60,000 anacheka anaondoka. Kesho anarudi na vipande viwili mkononi.

#11 Mbalizi Road
Kaka unapatikana upande gani wa soko?

#12 Mama Spea
Jina limeandikwa MAMA Spea, wewe unasema kaka. Na bado unataka nikupunguzie bei.

#13 Mbalizi Road
Samahani mama, shikamoo 🙏

#14 Mama Spea
Marahaba. Bei ni ileile.

#15 Mwana wa Mafinga
Naomba nitofautiane na wote. Nashughulikia malori yanayobeba mbao huku Mufindi. Boksi zilikuwa zinapasuka hivyohivyo, nikabadilisha kila aina. Mwisho nikagundua shida ilikuwa adapta. Mashine yangu ni ya inchi 1, boksi zangu za robo tatu, nikawa natumia kile kipande cha kupunguzia kutoka inchi 1 kwenda robo tatu. Nguvu ya inchi 1 yote inapita kwenye kishingo cha robo tatu. Leo inakatika adapta, kesho inapasuka boksi, na ukiweka ekstensheni ndefu katikati unaongeza mchezo kila kiungo.
Kijana hujasema: boksi yako ni ya inchi 1 yenyewe, au unapunguzia?

#16 Kijana wa Uyole
Ni ya inchi 1 mkuu, haina adapta. Ila ndani ya mraba inacheza, naifunga na waya wa kufungia nondo isidondoke.

#17 Venia
WAYA?

#18 Fundi Mkongwe
Mungu wangu.

#19 Venia
Kijana, sikia kwa upole. Boksi ya mashine ina katundu kanakopita shingoni na mfereji unaozunguka. Katundu ni ka pini, mfereji ni wa pete ya mpira inayoizuia pini isitoke. Vinauzwa pamoja, bei yake haifiki hata ya soda mbili. Waya ukikatika wakati mashine inazunguka, boksi ya kilo nzima inaruka na hujui itatua kwa nani. Na kama mraba unacheza, pima kichwa cha mashine pia, inawezekana ndicho kilicholika kikawa duara. Kichwa kilicholika kinakula boksi mpya kwa wiki.

#20 Kona ya Kitonga
Nakazia hapo kwa Venia. Mwaka 2019 nilikuwa msaidizi kwenye gereji moja Iringa, Ipogolo, sitaitaja. Fundi mkuu aliweka boksi nyeupe ya 21, ya seti ya mkono, kwenye mashine ya nusu inchi. Gari dogo tu, nati nne zilitoka, ya tano ikapasuka. Kipande kama ukucha wa kidole kidogo kikaingia juu ya nyusi yangu. Sentimita mbili chini ningekuwa nasoma uzi huu kwa jicho moja. Tangu siku ile sishiki mashine bila miwani, hata wanicheke. Walinibatiza jina "Profesa".

#21 Utingo Mstaafu
Pole Profesa. Ipogolo si ndiko mnakoanza ulanzi saa nne asubuhi? Inawezekana fundi aliona boksi mbili, akachukua ile ya katikati.

#22 Kona ya Kitonga
Mzee, ulanzi una msimu wake. Mafundi wa Mbeya ndio mnakosea mwaka mzima bila kisingizio 😂

#23 Mwl. Fizikia Songwe
Kamwene, Ugonile, na wengine wote.
Sijaona mtu aliyetaja upepo wenyewe. Kijana, mashine yako inachukua muda gani kufungua nati moja? Inagonga sekunde tatu inatoka, au unashikilia nusu dakika inaimba tu?

#24 Kijana wa Uyole
Zinazotoka zinatoka, lakini nyingine nashikilia mpaka tenki linashuka, nasubiri kompresa ijaze, narudia. Ile iliyopasua nilirudia mara nne.

#25 Mwl. Fizikia Songwe
Nilihisi. Mashine nyingi za upepo zinahesabiwa kwenye shinikizo la psi 90, yaani baa 6 na kidogo, tena pale mashine ILIPO, kichochezi kikiwa kimebonyezwa, si kwenye geji ya tenki. Ukitumia mpira mwembamba wa kujazia matairi, na viungo viwili vitatu vya kuunganisha, geji ya tenki inasoma 110 na mashine inapata 60. Inagonga bila kufungua. Unaigonga boksi mara elfu moja kwa kazi ya mapigo hamsini. Hata boksi nzuri inachoka.
Kuna na hali yetu ya hewa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, tuna kama asilimia 82 ya kanieneo ya Dar. Kompresa ileile inayojaza tenki Kariakoo kwa dakika tano, hapa itachelewa.

#26 Mbalizi Road
Kwa hiyo boksi imepasuka kwa sababu ya Mlima Mbeya? Sasa naona tunaelekea kwa mganga.

#27 Venia
Mwalimu yuko sahihi nusu. Kompresa itachelewa, ndiyo, kwa sababu kila mvuto wa pistoni unaingiza hewa kidogo. Lakini tenki likishafika 110 kwenye geji, ni 110 juu ya hewa iliyopo hapa, na mashine nayo inapumulia kwenye hewa ileile. Nguvu ya pigo haipungui kwa sababu ya mwinuko. Kinachopungua ni muda unaoweza kuishikilia kabla tenki halijaisha. Mpira mwembamba ndio mbaya kuliko mlima. Mashine ya inchi 1 inataka mpira wenye tundu la nusu inchi kwenda juu.

#28 Mwl. Fizikia Songwe
Nakubali marekebisho. Ila "muda unaoweza kuishikilia" ndiyo hasa shida ya kijana.

#29 Njombe Baridi
Na maji? Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi nikifungua koki ya chini ya tenki yanatoka maji ya kuogea mtoto. Maji yakiingia kwenye mashine yanaosha oili, zile bapa za ndani zinazosukumwa na upepo zinakwama, mashine inakosa nguvu. Mimi nikaona mashine imekufa, nikataka kuuza. Mzee mmoja akaniambia mwaga maji, weka matone matano ya oili nyepesi kwenye tundu la upepo, iache izunguke. Ikafufuka. Oili ya injini nzito usiweke, kwenye baridi inaganda kama ugali wa jana.

#30 Dereva Kasumbalesa
Nyie mna kompresa. Sisi barabarani tuna ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye gia ndani, imeandikwa 1:58. Unaegemeza mguu wake kwenye nati ya jirani, unazungusha kama unasaga kahawa, nati inalia "kaa!" inatoka. Nilibadilisha tairi Kitonga peke yangu usiku, utingo amelala. Boksi zake 32 na 33 zinakuja humohumo na sijapasua hata moja miaka minne. Kwa nini kijana asinunue hiyo?

#31 Fundi Mkongwe
Kwa kufungua, nzuri sana. Haina pigo, ndiyo maana boksi haipasuki. Kwa kukazia, usithubutu. Ukiwa na gia zinazokuzidishia nguvu hivyo mkono hausikii kitu. Nimetoa stadi (zile bolti za gurudumu) zilizovutika kama jojo kwa sababu ya hicho kidude. Shingo yake inakuwa nyembamba katikati, nyuzi zinaachana. Ukiweka nati mpya inafika katikati inakwama.

#32 Dereva Kasumbalesa
Sasa tukaze na nini? Bomba?

#33 Venia
Hesabu ya bomba nimeshawahi kuifanya. Nati za M22 (stadi ya unene wa milimita 22) za malori ya Ulaya nyingi zinataka mkazo wa kama Nm (nyutoni mita) 550 hadi 650, kitabu cha gari husika ndicho kinachotawala. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa kono la sentimita 87 anatoa karibu Nm 600. Basi. Utingo wetu anachukua bomba la mita moja na nusu, anasimama mwisho, inafika 1,000 na zaidi, halafu ANARUKA. Hapo hakuna anayejua ni ngapi.

#34 Utingo Mstaafu
Tuliruka sana. Kuna mwaka niliruka nusu saa kwenye Fuso, tairi la kushoto, nati haitoki. Dereva anakula mahindi ya kuchoma ananitazama. Nikaleta bomba refu zaidi. Akamaliza hindi, akafuta mikono, akaja akaniuliza, "Umeona hiyo L kwenye stadi?" Nilikuwa NAKAZA. Fuso za zamani upande wa kushoto nyuzi zake ni za kushoto.

#35 Kona ya Kitonga
😂😂😂 Nusu saa!

#36 Mbalizi Road
Mzee uzi mzima umemlaumu kijana kwa nati kucheza, kumbe wewe ulikuwa unakazia.

#37 Fundi Mkongwe
Ni kweli hilo la L na R kijana, liandike ukutani. Malori ya Kijapani ya mtindo wa zamani yana nati mbili: ya nje 41, ya ndani kichwa cha mraba 21, nyingine 20. Kushoto nyuzi za kushoto, kulia za kulia. Ya Ulaya pande zote kulia. Na Wajapani wenyewe wameshahamia mtindo huo wa Ulaya, unaoitwa ISO, kwenye malori yao mapya, kwa hiyo usikariri jina la gari, tazama stadi. Na zikija zile ndefu za pua za Kimarekani, unaweza kukuta nati ya inchi moja na nusu. Mtu anaweka 38 inaingia. Hiyo sawa, ni karibu kabisa. Lakini boksi nyingi za "takribani" ndizo zinazoua kona.

#38 Mama Ntilie wa Igawa
Mimi sio fundi, nina Toyota IST tu. Nilipeleka kuziba pancha, kijana akafunga na mashine kubwa ya upepo "trrrrr" mpaka nikaziba masikio. Wiki mbili baadaye pancha nyingine, niko peke yangu Chimala, spana ya gari haifungui hata nipande juu. Nililipa 10,000 kwa bodaboda mwenye bomba. Hiyo ni halali?

#39 Venia
Sio halali mama. IST ni boksi ya 21, kama Nm 103 tu. Kwa ile spana ya robo mita ni kama kusukuma kilo 42, mtu mzima anaweza kwa mikono bila kupanda. Ile mashine inaweza kufika mara nne ya hapo. Nati ya gari dogo inaanzwa kwa vidole, inasogezwa na mashine ndogo, inamaliziwa kwa tokirenchi (spana yenye kipimo cha mkazo), kwa kuvuka upande wa pili kama msalaba, sio kwa kuzunguka.

#40 Mwana wa Mafinga
Kuna fimbo zinauzwa, ekstensheni za rangi rangi, kila rangi na Nm zake. Unaweka kati ya mashine na boksi. Ikifika kipimo fimbo inajikunja na kurudi, haipitishi zaidi. Ninazo za gari ndogo. Zinasaidia.

#41 Venia
Zinasaidia kama mashine na upepo vinalingana na alivyopanga mtengenezaji. Mashine kali mno inapitiliza, dhaifu haifiki. Kwangu fimbo ni ya kukaribia, tokirenchi ndiyo hakimu.

#42 Njombe Baridi
Swali la pembeni: stadi zipakwe grisi au zisipakwe? Huku kutu ni nyingi.

#43 Fundi Mkongwe
Zipakwe. Miaka 27 napaka.

#44 Mwl. Fizikia Songwe
Kwa heshima mzee wangu, Nm za kitabu zinahesabu msuguano fulani. Ukipaka grisi nyuzi, msuguano unapungua, Nm zilezile zinavuta stadi zaidi. Unadhani umekaza 600, stadi inavutwa kama 800.

#45 Fundi Mkongwe
Na ukiacha kutu, unadhani umekaza 600, nusu imeliwa na kutu, tairi linatangulia mbele ya gari Mlima Nyoka. Chagua kifo chako.

#46 Dereva Kasumbalesa
Kwenye gari letu kitabu kinasema tone la oili kati ya nati na ile washa (pete bapa) yake inayozunguka, lakini uso wa habu (kitovu cha gurudumu) na rimu uwe mkavu na safi, usio na rangi nene. Na kukaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Nikitoka kwa kijana Uyole nakaza Chimala.

#47 Mwl. Fizikia Songwe
Kitabu chako kimesema vizuri kuliko sisi wote.

#48 Fundi Mkongwe
Kitabu hakijawahi kulala Inyala na tela lililovunjika stadi sita.

#49 Mama Spea
Turudi kwa kijana, ana 450,000 na mpaka sasa mmempa fizikia. Mwanangu, kasha la seti usinunue. Lina boksi 14, wewe utatumia nne, zilizobaki zitalala humo zikipata kutu mpaka mwanao aoe. Nunua za inchi 1: 32, 33, 41, na ile ya mraba 21. Ndefu, sio fupi, rimu za malori zinazama. Pembe sita, usikubali pembe kumi na mbili, hizo zinashika ncha tu. Kwa gari dogo chukua za nusu inchi 17, 19, 21 zenye ukuta mwembamba na plastiki ya nje za kutokwaruza rimu, na 30 ya nati ya ekseli.

#50 Kona ya Kitonga
Mama kasema kweli, na hiyo 30 nimeikumbuka: nati ya ekseli ya Toyota imepigiwa patasi kwenye mfereji isilegee. Kabla ya mashine inua kwanza ile sehemu iliyopigiwa. Vijana wengi wanaiwasha tu, nyuzi za ekseli zinakwenda na nati.

#51 Venia
Na abakishe hela ya tokirenchi. Ya inchi 1 ni ghali kweli, lakini robo tatu inayofika Nm 800 hivi mtumba anaweza kupata akisubiri.

#52 Fundi Mkongwe
Tokirenchi ya mtumba ambayo imekaa miaka bila kulegezwa springi? Ataamini namba ya uongo. Bora mkono wangu.

#53 Mbalizi Road
Mkono wako ule unaochagua kifo?

#54 Kijana wa Uyole
Wakuu ndaga fijo, asanteni sana. Leo nimefanya hivi: nimepima kichwa cha mashine, kweli kona zimelika, upande mmoja unaonekana kabisa. Nimemwaga tenki, maji lita karibu nzima, yana rangi ya chai. Mpira wangu ni wa robo inchi ndani, nimenunua wa nusu inchi mita 10. Nimekwenda kwa mama Mwanjelwa, nimechukua 33 na 32 za Japani na pini zake na pete. Sijagusa kasha.
Mchana ikaja semi. Nati nane zilitoka kama zimepakwa sabuni. Mbili zikagoma, nikatumia 32 na nyundo kama alivyosema mzee #9, zikatoka. Boksi haijapasuka.
Sasa sijui ni boksi, au mpira, au maji, au ile 32.

#55 Utingo Mstaafu
Ni ile 32.

#56 Mwl. Fizikia Songwe
Ni mpira.

#57 Mama Spea
Ni boksi yangu, na waambie wenzako nilikupunguzia elfu tano.

#58 Venia
Umebadilisha vitu vinne siku moja, hutajua kamwe. Ila kichwa cha mashine hujabadilisha, kwa hiyo tunakusubiri.

#59 Njombe Baridi
Kijana, ile nusu iliyobaki kwenye nati unaiuza? Nataka nichomelee bomba niwe na kono la kufungulia.

#60 Kijana wa Uyole
Njoo uchukue bure mkuu. Ninazo tatu.